Taa Iliyoona Kabla ya Mkono

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maziwa ya unga. Zamani, maziwa ya msaada yalipokuwa yakiletwa kwa magunia, kituo chetu cha afya kiliyaweka humo, na hata misaada ilipokoma harufu yake ilibaki ukutani, tamu na ya kuchefua kidogo. Dirisha lilikuwa moja tu. Tulilipigilia blanketi jeusi kwa misumari, na mlangoni tukatundika pazia zito ili anayeingia asiingie na mwanga. Ukishalifunga, hukioni hata kiganja chako.

Nilikuwa muuguzi msaidizi katika kituo hicho, juu ya mji wa Lushoto, katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imeachiwa huru. Maduka ambayo nilipokuwa mtoto yalikuwa na chumvi na viberiti, na mara nyingi hata hivyo viwili havikuwapo, sasa yaliuza redio, baiskeli, mitumba ya kila namna. Watu wachache walikuwa wamenunua televisheni, ingawa milima ilizuia mawimbi na walichokuwa wakitazama kilikuwa chenga tupu.

Aliyeleta kile kifaa alikuwa daktari wa kike, mzaliwa wa Tanga mjini, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa mwembamba, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha pwani, kilichonyooka, ambacho mama zetu wa milimani walikisikia kama hutuba. Kishambaa hakujua hata salamu. Ndiyo sababu nikapewa mimi, mwanamke wa huko huko, kazi ya kusimama naye chumbani: niwafasirie wanawake anayoyasema, na nimfasirie yeye wanayoyasema wanawake, na yale wasiyoyasema pia, kama nikiweza kuyakisia.

Kifaa kilikuwa sanduku la bati lililotengenezwa na mwalimu wake huko alikosoma. Ndani mlikuwa na balbu kali zilizofunikwa kioo chekundu kilichokoza, na pembeni safu ya vitaa vidogo kama kile kilicho kichwani mwa rimoti. Kulikuwa na kamera ndogo ya namna ile wanayofunga wenye maduka kuwavizia wezi, na televisheni ya picha nyeusi na nyeupe, kimo chake kama debe. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana, tulitumia betri ya gari. Daktari alisema mashine za eksirei za kupima matiti zinagharimu mamilioni, na mkoani kwetu hakuna hata moja. Hii ingeweza kutengenezwa na fundi redio akipewa maelekezo.

Siku ya kwanza alinionyesha mkono wake mwenyewe. Aliuweka juu ya sanduku, akazima taa ya chumba, na kwa macho sikuona ila wekundu hafifu kati ya vidole, kama unapoziba tochi kwa kiganja. Lakini kwenye televisheni mkono ulikuwa umekuwa wa kioo. Mishipa ilionekana myeusi, imegawanyika na kugawanyika tena. Akanieleza kwamba mwanga mwekundu hupenya mwilini kuliko mwingine, na kwamba upo mwanga uliopita wekundu, ambao jicho halina habari nao lakini kamera huuona, nao hupenya zaidi. Damu huumeza. Uvimbe mbaya hujivutia damu nyingi kuliko haki yake, kwa hiyo penye uvimbe kamera huona kivuli.

"Hata kabla mkono haujakigusa," alisema. Nadhani hayo ndiyo maneno aliyoyaamini kuliko yote maishani mwake.

Wanawake hawakuja. Walikuja madirishani kuuliza kama ni kweli kuna televisheni, wakishaambiwa ya kazi gani wanaondoka. Kuvua nguo mbele ya mtu msiyejuana naye, gizani, kisha titi lako lionekane kwenye televisheni, nani angekubali? Wengine walidhani picha itatokea pia kwenye televisheni za mjini. Nilizunguka kwenye kaya kuwaeleza, nikakaribishwa vizuri, nikapewa hata plamu za kubeba, lakini hakuja mtu.

Basi nikamwendea shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Baba alipofariki nikiwa bado sijaanza shule, ndiye aliyenichukua, na yeye mwenyewe alikuwa mjane. Nilikua nikilala mgongoni kwake juu ya mzigo wa karoti. Wakati ninaousimulia alikuwa amepita umri wa kuzaa, na alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kwetu kukodi lori zima na kupeleka kabichi na matenga ya nyanya Dar es Salaam bila kupitia kwa dalali. Madereva walimwamkia shikamoo wakiwa bado hawajateremka. Alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Akisema kitu sokoni asubuhi, jioni kimeshafika upande wa pili wa mlima.

Nilimkuta akifunga matenga. Nikamweleza. Aliuliza kama kunauma, nikamwambia hakuumi. Aliuliza kama daktari ni mwanamke, nikamwambia ndiyo. Akauliza, je, wenzake wamekataa kwa nini, na nilipomwambia aliwacheka.

"Nitakwenda mimi kwanza," alisema. "Wakiona nimetoka mzima watakuja."

Alikuja siku ya soko, kwa makusudi, na kundi la wanawake wakamsindikiza wakakaa kwenye benchi la nje. Aliingia akiwa amevaa khanga mpya. Daktari alimwamkia kwa adabu, akampapasa kwanza kwa mikono, kwapani na kila mahali, akasema hakuna kitu. Shangazi akasema alijua hakuna kitu. Nikazima taa.

Alisimama ameinamia sanduku, mimi nimemshika bega, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akionekana alikuwa akizungumza bila kukoma: bei ya nyanya, dereva mmoja mlevi, harufu ya maziwa iliyomkumbusha mwaka wa njaa. Titi la kulia lilitokea kwenye televisheni likiwa la kijivu, safi, na mishipa yake myembamba. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba ni zuri. Kisha akahamisha kamera upande wa kushoto.

Mimi mwenyewe nilikiona. Sikuwa na elimu ya kusoma picha zile, lakini kilikuwa hapo, karibu na ubavu: doa jeusi lisilo na umbo, na mishipa miwili imepinda kulielekea. Daktari alisogeza kamera, akarudisha, akamwomba shangazi ageuke, akapunguza mwanga, akauongeza. Doa halikuondoka. Shangazi akaacha kuzungumza.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza kwa Kishambaa.

Nilimfasiria daktari. Daktari akaniambia nimwambie kwamba anataka kuhakikisha jambo. Nilimwambia hivyo. Gizani mle nilisikia shangazi akivuta pumzi, kisha akaitafuta khanga yake.

Tulipowasha taa daktari alimkalisha akamwuliza kama amejigonga siku za karibuni, kama kuna ng'ombe aliyempiga teke, kama amebeba mzigo ukamchubua. Alijibu hapana kwa kila swali. Ndipo daktari akamwambia kwamba ameona kivuli, kwamba kivuli si lazima kiwe ugonjwa, lakini ni lazima aende kwenye hospitali kubwa huko chini akaonwe na mpasuaji. Alisema polepole na kwa upole. Nami nilifasiri polepole, ingawa shangazi alikuwa akielewa kila neno la Kiswahili. Nadhani sote watatu tulikuwa tunajipa muda.

Shangazi alijipapasa mwenyewe, hapo hapo mbele yetu, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea mfukoni.

"Hakuna," alisema.

Nje wanawake walimtazama usoni, na uso wa shangazi haukuwahi kujua kuficha. Hakuna aliyeingia siku hiyo.

Mimi na shangazi tulishuka Mombo, chini ya milima, asubuhi na kuendelea hadi kwenye hiyo hospitali, ambayo sitaitaja kwa sababu haikutukosea. Mpasuaji alikuwa mzee wa makamo, mikono mikubwa, msafi sana. Alimpima shangazi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, amelala, ameketi, mikono juu, mikono kiunoni. Alizitazama picha ambazo daktari wetu alikuwa amezipiga kwa kamera ya kawaida kutoka kwenye kioo cha televisheni. Zilikuwa na ukungu na mistari. Akazirudisha kwenye bahasha.

"Mama, sioni kitu hapa," alimwambia. "Nenda nyumbani ukale."

Nilibaki nyuma kidogo, nikamwuliza kwa heshima kama hawezi hata kuchoma sindano akatoa maji maji ya kupima. Hakukasirika. Aliniuliza aichome wapi, kwa kuwa mahali penyewe hapashikiki. Angekuwa anachoma titi zima kwa kubahatisha. Akaniambia pia kwamba kabla yetu alishampokea mwanamke mwingine mwenye picha za namna hiyohiyo, kutoka kituo kingine ambako daktari wetu alikuwa amekijaribu kifaa kabla ya kuja kwetu. Alimpasua. Alikuta damu iliyovilia tu, yumkini aliangukiwa na kuni. Yule mama sasa ana kovu la bure, na mumewe hamwelewi.

"Mimi napasua ninachokishika," alisema. "Ukikishika, mlete siku hiyohiyo, hata kama si siku ya kliniki."

Ningependa kusema kwamba nilimchukia. Lakini miezi iliyofuata nilikuja kuona mwenyewe, kwenye stoo yetu, vivuli ambavyo wiki iliyofuata havikuwapo. Wanawake wachache walioanza kuja waliposikia shangazi ameambiwa ni mzima walikuwa na vivuli siku zao za mwezi zilipokaribia, kisha vikafutika. Mwalimu mmoja wa shule alitutia hofu, kumbe mwanawe alikuwa amemng'ata akinyonya. Taa haikujua kutofautisha damu ya kheri na ya shari. Daktari alilijua hilo, na hakulificha.

Tuliporudi hadi Mombo shangazi alikuwa mtu mwingine. Aliagiza nyama ya kuchoma, akala kwa hamu, akamnunulia kila mjukuu kitu. Njia nzima ya kupanda, ndani ya basi, alikuwa akieleza watu walioketi jirani yetu kwamba ametoka kwa daktari mkubwa naye amemwambia akale. Nilicheka naye. Ukungu ulikuwa umeshuka Soni, katikati ya mlima, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilisinzia.

Daktari wetu alisikiliza habari zangu amesimama. Hakumlaumu mwenzake. Aliuliza tu kama mpasuaji alizitazama picha, nikamwambia alizitazama. Akaomba shangazi awe anakuja kila mwezi apigwe mwanga, na akasema Dar es Salaam kuna mashine ya eksirei ya matiti, yeye mwenyewe angeandamana naye.

Shangazi alikuja mara ya pili ili kuniridhisha. Doa lilikuwapo, na lilikuwa limenenepa, au ndivyo lilivyoonekana. Daktari alipima kwa rula juu ya kioo cha televisheni. Alimwambia shangazi ukweli. Alimwambia kuhusu Dar es Salaam. Shangazi akamwuliza kama sasa linashikika. Daktari akapapasa, akapapasa tena, na nilimwona akitamani lishikike.

"Bado," akasema.

"Basi ngoja lishikike, mwanangu. Kabichi ziko shambani, na kabichi hazingoji."

Mara ya tatu hakuja. Nilimfuata, akasema yuko safarini. Nilimfuata tena, akanikaripia mbele ya wachukuzi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni mwangu. Usiku huo aliniletea maharage nyumbani kama kuomba radhi, lakini habari ya taa hakuigusa.

Sokoni maneno yalikuwa yameanza. Sijui yalianzia wapi. Maneno ya namna hii hayana mama. Ilisemwa kwamba aliingia chumbani mzima akatoka na ugonjwa. Kwamba mwanga ule mwekundu unaivisha kitu kilichokuwa kimelala. Kwamba sanduku limeletwa kwetu kwa sababu ng'ambo wamelikataza, kama yalivyoletwa mafriji yaliyokufa na matairi yaliyokwisha. Na kweli, miaka ile kila kibovu cha dunia kilikuwa kinapata mteja kwetu. Wanawake waliokuwa wameanza kujitokeza walikoma. Tukawa tunakaa mimi na daktari nje ya stoo, kwenye benchi tupu, tukitazama mvua.

Nilimwomba shangazi awaambie wenzake kwamba taa haikumtia kitu. Neno lake moja lingetosha.

"Niwaambieje nisilolijua?" alijibu. "Wewe unasema lilikuwamo. Mzee wa chini anasema halimo. Wao wanasema limewekwa. Mimi nimeketi katikati yenu."

Nilimwona akipungua mwili, nikajiambia ni kazi. Daktari aliniuliza habari zake kila asubuhi, kisha akaacha kuuliza, na kule kuacha kwake kukaniuma kuliko maswali.

Shangazi alikuja kwangu mchana mmoja wa kiangazi, peke yake, jambo lisilo la kawaida. Nilikuwa nachambua mboga barazani. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani pangu, akafungua khanga.

"Lete mkono," alisema.

Aliushika mkono wangu akauweka mwenyewe. Kilikuwa kigumu kama kokwa la plamu, hakisogei. Mahali palepale, karibu na ubavu. Nikapeleka vidole kwapani, nako kulikuwa na vijiwe viwili vidogo. Alikitazama kiganja changu, akatazama uso wangu, akaanza kujifunga khanga upya.

"Twende kwa mzee wako wa chini," alisema. "Alisema siku hiyohiyo."

Mpasuaji alitimiza ahadi yake. Alimpokea bila kutungojesha, na siku chache baadaye alimpasua akaliondoa titi lote pamoja na vijiwe vya kwapani. Nilingoja nje ukutani. Alipotoka alinisogelea akaniambia kwamba amefanya aliyoweza, lakini ugonjwa umetangulia. Aliendelea kusimama. Nilifikiri anataka kuongeza maelezo.

"Ile picha," aliniuliza, "ilikuwa upande huu huu?"

"Huu huu."

"Mahali hapa hapa?"

Nikamwambia ndipo. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaenda kwenye bomba la maji la uani, akanawa mikono ambayo nilijua alikwisha kuinawa ndani. Hakuniomba radhi na sikutaka aniombe. Angekuwa amemkata mtu kwa kivuli ambacho mara nyingi si kitu. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na kila nikijiweka mahali pake sipati cha kufanya tofauti, na kila nikijiweka mahali pa shangazi sipati cha kumsamehe mtu yeyote.

Shangazi aliporudi nyumbani daktari wetu aliniomba nimpeleke kumjulia hali. Niliogopa, lakini tulikwenda, tumebeba sukari na sabuni. Shangazi alikuwa ameketi mkekani uani, mkono wa kushoto umeegeshwa juu ya mto. Alikuwa amekonda na sauti ilikuwa imepungua, lakini alimkaribisha daktari kwa heshima zote, akaagiza chai. Walizungumza habari za mvua. Daktari alikuwa amejiandaa kusema kitu, nilimwona akikianza na kukiacha. Mwishowe alisema anasikitika kwamba hakumlazimisha kwenda Dar es Salaam.

Shangazi aliuweka vizuri mkono wake juu ya mto.

"Mwanangu," alimwambia, na alisema Kiswahili, bila kunipitia mimi, "mlinipa maneno mawili. Wewe lako chungu, yule lake tamu. Nikachagua tamu. Ungekuwa wewe, ungechagua lipi?"

Daktari alikuwa akikunjakunja kona ya mkeka.

"Lakini lako halikuondoka," shangazi akaendelea. "Nimelala nalo miezi yote ile. Nikila nyama, lipo. Nikihesabu kabichi, lipo. Kama ungenyamaza, ningeugua siku ile mkono ulipokiona, na siku zilizotangulia zingekuwa zangu. Sikulaumu. Nakwambia tu, ili ukimwona mwingine ujue unampa nini."

Chai ikaletwa. Daktari alikunywa hadi mwisho, akaaga, akamshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili. Njiani kurudi alitembea mbele yangu. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, nami nikabaki nyuma ili asijue kuwa nimeona.

Aliondoka kwetu mwaka huohuo. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa mijini, na madaktari waliosoma ng'ambo walitafutwa. Sikumlaumu, hakuwa na wagonjwa, na mwalimu wake hakuwa akituma tena vipuri. Sanduku alituachia. Aliniambia nilitumie nitakavyoona.

Nilipata kazi moja ya kulifanyisha. Watoto wa kuharisha walipoletwa wamekauka kiasi kwamba mshipa wa kuwekea dripu hauonekani, niliweka vimikono vyao juu ya vile vitaa, na kwenye televisheni mshipa ulijitokeza mweusi. Nadhani wapo watu wazima leo kwetu ambao wako hai kwa sababu hiyo, na hawajui. Lakini baridi ya kwetu haikawii. Ukungu uliingia ndani ya lenzi ukaota kuvu kama nyuzi za buibui, picha ikafifia, kisha balbu zikaungua moja moja na hazikupatikana nyingine za namna ile. Televisheni ilihamishiwa chumba cha wahudumu, na mawimbi yalipofika mlimani wakatazamia mpira.

Shangazi alirudi sokoni kwa muda. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na haukuweza kuinua tenga, hivyo aliketi kwenye kigoda akielekeza, na madereva waliendelea kumwamkia. Watu walianza kusema amepona. Kisha akaanza kulalamika mgongo, halafu akawa hawezi kukohoa bila kushika mbavu. Nilihamia kwake. Dawa za maumivu tulizokuwa nazo kituoni zilikuwa za kichwa, na nilizompa nilijua ni za kumfariji yeye na mimi. Mganga mmoja aliitwa na ndugu, akaja, akaunguza majani yake, sikumzuia. Shangazi alifariki wakati wa masika, mchana, jikoni mkiwa na watu wanamenya viazi, na aliyegundua alikuwa mjukuu aliyempelekea maji.

Wanawake waliomwosha walikuwa wale wale wa sokoni. Niliingia nao kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kama bintiye. Walimfunika vizuri, wakammwagia maji yenye majani ya mkunazi kwa mikono ya taratibu, na walipofika kwenye kovu mikono ilisita. Walikuwa hawajawahi kuliona. Tulimfunga sanda, tukawaita wanaume.

Tulipokuwa tunamwaga maji nyuma ya nyumba mmoja wao alibaki. Alikuwa mama wa makamo niliyemjua kwa sura tu, muuza maharage. Aliangalia huku na huku, kisha akaushika mkono wangu, ambao ulikuwa bado umelowa, akaupitisha chini ya khanga yake. Nilitaka kuuondoa. Sikuwa na nguvu ya jambo lingine siku ile. Lakini vidole vilikuwa vimeshajua kazi yao. Kilikuwapo, kidogo kama punje ya harage, na kilisogea.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

Akasema tangu siku zile za ile taa. Aliogopa kuja.

Nilimpeleka chini juma lililofuata, kwa mpasuaji yuleyule. Alikishika, akachoma sindano, akangoja majibu, akamkata. Kwapani hakukuta kitu. Mama yule yuko hai hadi leo, mzee kuliko shangazi alivyofika, na bado anauza maharage. Huniwekea yaliyochambuliwa, na tukisalimiana huulizana habari za watoto. Nikimwona hufurahi, kweli hufurahi. Kisha nikiwa njiani kurudi nyumbani na maharage yake mkononi hujikuta nimekasirika, na kila mara nashindwa kujua ni nani hasa ninayemkasirikia.